Kiwanja hakitengenezwi kwa siku tatu



Leo tunaandika juu ya majani. Ndiyo, majani, ile ya kukanyaga. Tunajua bamoja batacheka, batasema: «Sendika inaacha mishahara, inaacha hospitali, inaanza kulima gazoni!» Musicheke mbio. Musome mpaka mwisho, kisha muhukumu.

Nyuma ya kambi letu, huku Lualaba, kuko udongo wa hekta 2. Zamani palikuwa mashamba ya bamama wetu: mihindi, mihogo, viazi, na maboga pembeni. Kisha kampuni ikapachukua, ikalipa bale benye mashamba, wengine vizuri, wengine kidogo. Misimu mitatu ya mvula ikapita bila mutu kulima wala kujenga. Majani ikapanda mpaka kwenye mabega ya mutu, nyoka ikapata nyumba.

Halafu bakubwa wa kampuni wakatuita. Walituambia: pale patakuwa kiwanja cha kambi, na gazoni nzuri ya kukata kwa mashini, batoto bacheze mupira, familia zipumzike siku ya mungu. Tulifurahi. Sisi wajumbe wa sendika tulisaini karatasi siku ile ile. Hatukuuliza ginsi gani kazi itafanywa, nani ataifanya, na udongo gani utawekwa. Kosa hilo ni letu. Tunalisema mbele yenu kabla ya kusema kosa la wengine.

Mashini kubwa ya kusukuma udongo ilikuja siku ya kwanza ya juma. Siku ya tatu iliondoka. Kwa macho, palikuwa sawa kama meza. Picha zikapigwa. Lakini mvula mbili tu zilitosha kuonyesha ukweli. Upande wa juu, mashini ilikuwa imekwangua udongo mweusi wote na kuutupa pembeni. Palibaki udongo mwekundu, mugumu kama tofali, na maji ikaanza kuchimba mifereji ndani yake. Upande wa chini, mituta ya zamani ya mihogo haikuvunjwa, ilifunikwa tu na vumbi. Vumbi ikashuka, mituta ikatoka tena, sawa mbavu za mbwa wa njaa.

Mutoto mumoja wa darasa la tano alikimbilia mupira, muguu ukaingia kati ya mituta miwili, mfupa ukavunjika. Kisha kijana mumoja aliyetumwa kukata majani na mashini alipiga kisiki kilichofichwa. Kisu cha mashini kilipasuka, jiwe likamupiga kwenye muundi. Alikuwa amevaa kandambili. Hana mkataba, hana viatu vya kazi, na jina lake haliko kwenye daftari yoyote. Tulimupeleka hospitali kwa makuta ya mchango wetu.

Sasa tunaambiwa kwamba makosa itafunikwa. Malori italeta muchanga, gazoni italetwa kwa vipande, na yote itakuwa tayari kwa Siku ya Kazi, 1 Mei, bageni wakifika. Sisi tunasema: hapana. Hatukatai kiwanja. Tunakataa kifuniko.

Kwanza tuseme kwa nini kiwanja si kitu kidogo kwetu. Mutumikaji wa Katanga anajua historia yake. Mu Desemba 1941, watumikaji wa migodi waligoma kuomba mishahara ya haki. Tarehe 9, pale Élisabethville, leo Lubumbashi, walikusanyika kwenye kiwanja cha mupira. Ni pale askari waliwapiga risasi, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa. Hawakuwa na ofisi wala jumba la mikutano. Walikuwa na kiwanja. Mpaka leo ni hivyo. Mu kambi, kiwanja ndiyo mahali pa mupira, pa matanga wakati watu ni wengi, pa misa kubwa, na pa mukutano wa sendika. Mahali kama hapo hapatengenezwi kwa ajili ya picha.

Pili, tuseme udongo unatumika namna gani, kwa sababu bamama waliolima pale wanaujua kushinda fundi wa mashini. Shamba la zamani halifi siku linapoachwa. Mituta inabaki miaka. Visiki vya miti ya pori vinabaki hai chini, na kila mvula vinatoa machipukizi. Udongo unaolisha majani ni ule wa juu tu, wa sentimetri 15 mpaka 20. Ukiukwangua, umetupa chakula na kubakiza sahani. Chini yake, mizizi haingii na maji haishuki.

Kazi ya haki iko hivi. Majani marefu yanakatwa kwanza, visiki vinang'olewa kimoja kimoja na lukasu na shoka, pamoja na mizizi. Mawe yanaokotwa kwa mukono. Kisha mituta inavunjwa kwa kuikata upande, si kwa kuifuata. Ukiifuata, jembe linaanguka mu mufereji na mututa unabaki. Udongo wa mututa unajaza mufereji wa pembeni yake, hauendi mbali. Pale panapohitaji kushushwa sana, udongo mweusi unawekwa kando kwanza, ule mwekundu unasawazishwa, kisha mweusi unarudishwa juu. Halafu munangoja. Udongo uliochimbwa unavimba, na mvula inaushusha. Mwenye haraka anapanda majani juu ya udongo ambao haujalala, kisha anashangaa kuona mashimo.

Na kiwanja hakitakiwi kuwa bapa kabisa, maji italala humo. Kiwanja cha mupira cha metre 105 kwa 68 kinataka katikati ipande kidogo. Kwa kila metre 100 ya kwenda, metre 1 ya kushuka. Toka katikati mpaka pembeni ni metre 34, basi katikati itapita pembeni kwa sentimetri 34. Macho haioni hiyo, lakini maji inaijua. Haitaki mashini ya bei: kamba, vijiti, na mupira wa plastiki wenye maji ndani, ule ambao bamaso wanatumia kupima msingi wa nyumba.

Na kile kichuguu kikubwa cha pembeni? Bakubwa wanataka kukisukuma. Tulikipima: kwenda juu ni metre 3, chini upana ni metre 10. Kwa hesabu ya shule, hiyo ni karibu metre kibu 78 za udongo. Bruweti moja inabeba lita 65 hivi. Ni mabruweti 1.200. Peleka wapi? Sisi tunasema: kiacheni. Pandeni miti juu yake, kiwe mahali pa wazee kukaa na kuangalia mupira. Wazee wetu walikijua kichuguu kwa matofali na kwa shamba. Hakuna aliyepigana nacho bure.

Tatu, muchanga. Hapa tunaomba kila baba na mama wasome vizuri. Malori yanayotajwa yatatoa muchanga wapi? Ikiwa ni muchanga wa mutoni, tuonyeshwe mahali na karatasi. Ikiwa ni ule unaobaki kisha mawe kusagwa na shaba kutolewa, hapana, hata bure. Sisi wenyewe tunaushika kila siku ku kazi, na tunavaa vitambaa mu pua. Ndani yake munabaki shaba na kobalti, na vyuma vingine vibaya zaidi. Batoto watauchezea na mikono, watakula embe na mikono ile ile. Tusikubali kuleta vumbi ya kazi mpaka kwenye mulango wa nyumba.

Tuko na mufano wa karibu. Kule Lubumbashi, mu mtaa wa Penga Penga, vumbi na moshi ya kiwanda cha kuyeyusha shaba ilianguka juu ya udongo miaka mingi, mpaka pakabaki uwazi bila majani. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima kupanda pale majani ya kwetu, yanayoitwa Microchloa altera, ambayo yanavumilia udongo wa shaba, wakitia chokaa na mbolea ya takataka za mimea. Sababu yao ilikuwa wazi: udongo uliovaa majani hauruki na upepo. Kama wasomi wanatumia majani kuzuia vumbi ile, sisi tutawezaje kuleta vumbi ile na kuiweka chini ya majani, chini ya miguu ya batoto?

Ine, wakati. Huku kwetu mvula inaanza mu Oktoba ao Novemba, inaisha mu Aprili. Toka Mei mpaka Septemba hakuna kitu, na mu Juni na Julai usiku ni baridi mpaka majani inakauka. Sasa, gazoni ikiwekwa mwisho wa Aprili kwa ajili ya bageni wa 1 Mei, itakunywa nini? Kambi letu linangoja maji ya bomba toka saa 4 ya usiku, bamama wanalala na mabido kwenye foleni. Watamwagilia gazoni kwa maji gani? Na nani atathubutu kumwagilia majani mbele ya mama anayengoja bido moja? Mu Julai pale patakuwa rangi ya mukate, mu Septemba patakuwa vumbi, na makuta imekwisha.

Mpango wetu unafuata mvula. Mei na Juni, kukata na kung'oa visiki. Julai mpaka Septemba, kuvunja mituta na kusawazisha kwa kamba. Oktoba, mvula za kwanza zinashusha udongo, mashimo yanajitokeza, yanajazwa; magugu yanatoka, yanang'olewa. Desemba, kupanda. Hatuitaji gazoni ya kununua. Yale majani ya kutambaa yanayomea yenyewe pembeni ya njia yanatosha. Unakata vipande vyenye mafundo, unavifukia kila sentimetri 25. Kwa metre moja ya mraba ni vipande 16. Kwa kiwanja kizima ni vipande 114.000 na zaidi. Inaogopesha? Watu 60, kila mutu vipande 1.000 kwa siku, siku mbili inaisha. Kisha pipa la lita 200 lililojazwa maji, likilazwa na kuviringishwa, linakandamiza udongo polepole.

Mashini ya kukata inaingia mwisho, mu Februari, kisha mutu apite kwa miguu na kuokota kila jiwe. Kwanza kata juu, usinyoe. Kila mara kata sehemu moja kwa tatu ya urefu, si zaidi. Mashimo madogo yatakayobaki yanajazwa kidogo kidogo, udongo muembamba wa sentimetri 1, majani yatoke juu yake, kisha tena. Msimu wa pili ndiyo kiwanja kitakuwa kiwanja. Mutu anayewaahidi mbele ya hapo anawauzia rangi.

Tano, nani atafanya kazi, na kwa mkataba gani? Hapa sendika inarudi nyumbani kwake. Kampuni inapenda kuita vijana asubuhi kwenye mulango, kuwalipa jioni, na kesho kuita wengine. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inajua muchezo huo. Inasema: mutumikaji wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, na akiandikwa tena kabla ya hiyo miezi 2 kuisha, mkataba huo mupya unahesabiwa kuwa bila mwisho. Vijana, mufahamu namba hiyo: 22 ndani ya miezi 2. Andikeni siku zenu mu kaye. Na kila mutu anayeshika mashini apewe viatu vigumu, miwani na mafundisho. Muundi wa yule kijana ulitufundisha, hatutaki jicho litufundishe tena.

Sita, bamama. Tumehesabu: kiwanja cha mupira cha metre 105 kwa 68 ni metre za mraba 7.140. Ukiongeza pembeni mahali pa kukaa, hekta 1 inatosha. Eneo ni hekta 2. Ile nyingine ni ya nini? Kwenye picha ya mpango ni gazoni tupu, na viti vyeupe. Mama mumoja aliyelima pale miaka 11 alituambia mu mukutano: «Mweye banaume munataka kukata majani kila juma. Miye nilikuwa nakata mihindi kila mwaka, na tulikuwa tunakula bukari. Basi munipatie hata kipande, nitawapikia bale bachezaji.» Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana alisema kweli. Hekta ya pili irudi kuwa bustani za kambi, kwa orodha iliyo wazi, bajane na familia za wenzetu waliokufa ku kazi wa kwanza.

Wenzetu wengine wanatupinga, na tunawaheshimu. Wanasema: «Majani haikuliwi. Mishahara inachelewa. Muombe makuta kwanza.» Tunajibu: tunaomba makuta, na hatutaacha. Lakini kodi ya migodi inahusu hata mambo haya. Kodi ya migodi ya 2002, ilivyobadilishwa mu Machi 2018, inatoza kampuni angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi. Ikiwa kiwanja hiki kinalipwa na makuta ile, basi si zawadi ya mukubwa. Ni haki yenu, na mwenye haki anauliza bei, anauliza kipimo, anauliza udongo ulitoka wapi. Mashini ya siku tatu ililipwa. Sasa wanataka kulipa tena kwa kufunika. Kazi mbaya inalipwa mara mbili, na kila mara ni mufuko wenu.

Wengine wanasema tunaharibu sikukuu. Hapana. Tuko na njia ya kuwapokea bageni 1 Mei. Wakute pale visiki vimerundikwa, kamba zimefungwa, vijana na viatu vya kazi, bamama na lukasu wakionyesha mahali maji inapita. Watu wa heshima wataona kazi inayoanza vizuri, na hawatadanganywa. Bageni tunaowajua sisi, wengi walizaliwa mu kambi kama letu. Wanajua kutofautisha majani yaliyomea na majani yaliyotandikwa.

Kwa hiyo tunaomba kampuni mambo manne, na barua imekwisha kupelekwa ofisini.

Moja: malori ya muchanga yasimame mpaka tujue unatoka wapi na umepimwa.

Mbili: udongo mweusi uliosukumwa pembeni usiuzwe wala kubebwa. Ni wa kiwanja, urudishwe juu yake.

Tatu: vijana wa kazi hiyo waandikwe, wavalishwe, na matunzo ya mutoto na ya kijana walioumia yalipwe.

Ine: hekta ya pili igawanywe kwa bustani kabla ya mvula za Oktoba.

Na kwenu, wandugu, tunaomba jambo moja. Posho ijayo, saa 3 ya asubuhi, njooni pale na kamba na vijiti. Hatuendi kugombana. Tunaenda kupima. Wazee waliolima pale watatangulia, watuonyeshe kila mututa ulikopita na kila kisiki kilikolala. Mara ile ya kwanza tulisaini bila kupima. Mara hii tutapima kwanza, kisha tutaona kama kuko kitu cha kusaini.